Habari mbaya inamfikia bosi lini? Maadili na hekima kwenye kuongoza biashara

Ukikaa na watu wa Dodoma saivi, wenye maduka ya vifaa vya ujenzi, wakamuaji wa alizeti, wahasibu wa hizi kampuni ndogo ndogo zilizofunguliwa baada ya serikali kuanza kuhamia huku 2016, ukiwauliza bosi mwadilifu ni yupi wengi watakwambia ni yule asiyeiba na asiyekula rushwa. Basi. Ukiuliza na mwenye hekima ni yupi, utaambiwa ni mtu mzima, mpole, hana papara. Majibu yote yana ukweli ndani yake, ila tukiishia hapo ndo tunajikuta kampuni inakufa, watu wanadai mishahara ya miezi, wakulima wanadai hela za mazao yao, na bado kila mtu anaapa mkurugenzi alikuwa mtu mzuri, mcha Mungu, hata sauti hapandishi. Inawezekanaje? Inawezekana kabisa, na naomba tulifungue hili fundo taratibu maana linagusa ugali wa watu.

Kuna mambo matatu tunayachanganya: sheria, maadili na hekima. Sheria inakuonyesha mpaka ambao ukiuvuka unaitwa kujibu. Maadili yanaanzia pale sheria iliponyamaza, unamtendeaje mtu ambaye hawezi kukufanya lolote? Na hekima ni kuweza kuona, katika hali hii ya leo, kwa watu hawa na hela hii iliyopo, jambo la haki ni lipi na lifanyike vipi ili lifanyike kweli, lisibaki kuwa nia tu. Mtu anaweza kuwa na kimoja akakosa viwili, na kampuni nyingi zinaumia kwa sababu kiongozi ana kimoja anadhani anavyo vyote.

Sheria nipite haraka kidogo. Sheria ya Makampuni ya 2002 inamtaka mkurugenzi afanye kazi kwa nia njema kwa maslahi ya kampuni, aangalie na maslahi ya wafanyakazi, na kama ana maslahi binafsi kwenye mkataba wa kampuni ayatamke mbele ya bodi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 watu wengi wanadhani ni ya watumishi wa umma peke yao, hapana, afisa manunuzi wa kampuni binafsi anayepokea cha juu kutoka kwa sapulaya naye yumo humo humo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka uwe na sababu halali na ufuate utaratibu wa haki kabla hujamwachisha mtu kazi, ukimuonea ana siku 30 za kwenda kulalamika CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi.

Kwa viongozi wa umma nchi yetu ilikwenda mbali zaidi. Azimio la Arusha la 1967 lilikuja na miiko: kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni binafsi, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Miiko ile ikalegezwa na Azimio la Zanzibar la 1991, halafu 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma na mpaka leo viongozi wanajaza fomu za mali na madeni. Sasa sisi tunaoishi Dodoma tumezungukwa na ofisi za serikali na hizo fomu, nadhani ndo maana neno maadili likitajwa mwenye biashara anaona linawahusu wale wa Mtumba kwenye mji wa serikali, yeye hela ni yake, kampuni ni yake, anamjibu nani? Hapo ndo pa kuanzia, kwa sababu kampuni ikishasajiliwa kisheria ni mtu anayejitegemea, na ikishaajiri, ikishakopa mzigo na kuchukua advansi ya mteja, ile hela iliyoko benki ina watu wengi wanaoisubiri kuliko jina moja lililoko kwenye kadi.

Chukua michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, huu ni mfano naupenda kwa sababu hauna mwizi ndani yake. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, mfanyakazi anaweza kukatwa mpaka asilimia 10 na inayobaki mwajiri anaweka, na inatakiwa iwe imefika ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi husika kuisha. Sasa weka hapo mkandarasi mdogo mwenye mradi wa serikali, cheti cha malipo, ile karatasi ya kukubali kazi imefanyika na alipwe, kimeshasainiwa lakini hela haijaingia, mfukoni amebaki na milioni chache na mbele yake kuna mishahara, kuna sapulaya wa nondo na saruji, kuna dizeli, kuna NSSF. Nani asubirishwe? Mara nyingi anasubirishwa NSSF, sababu sapulaya anapiga simu kila asubuhi na kibarua anakuja mwenyewe kusimama getini, ila mchango hauongei, na mfanyakazi slipu yake ya mshahara inaonyesha kakatwa kwa hiyo anajua uko salama. Bosi hajanunua gari, hajajenga, hela yote imeingia kwenye zege. Lakini ile iliyokatwa kwenye mshahara ilikuwa ya yule mtu, amefanywa akopeshe kampuni bila kuulizwa, na atakuja kujua siku amejifungua anafuatilia mafao au siku amestaafu anaambiwa miezi kadhaa haipo.

Kwenye sheria hili ni kosa, halina mjadala. Ila angalia lilivyoingia, halikuingia kwa mlango wa tamaa, liliingia kwa mlango wa aibu na haraka. Bosi mwenye uadilifu wa kutokuiba tu hapa anapita bila kujiona amekosea. Mwenye hekima anafanya nini? Kwanza hela iliyokatwa mfanyakazi haigusi, hiyo anaihesabu kama haipo. Pili anawaita watu mapema, kabla mwezi haujaisha, anawaambia cheti kimekwama, mshahara utakuja nusu tarehe fulani na nusu tarehe fulani, na wa kwanza kukatwa ni mimi. Tatu anaenda kwa sapulaya mwenyewe, hatumi mhasibu akadanganye kwamba bosi kasafiri. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji digrii, yote yanahitaji kiongozi akubali kuonekana hana hela, na kwa mazingira yetu hilo ni zito kuliko watu wanavyokiri, kwa sababu mjini heshima ya bosi imeshonwa pamoja na gari lake na michango yake ya harusi.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho naona hakisemwi vya kutosha: wizi mwingi kwenye biashara unatengenezwa na maagizo ya bosi ambaye mwenyewe hajawahi kumwambia mtu aibe.

Tuseme una kituo cha kununulia alizeti pande za Kibaigwa. Unampa karani hela ya kununulia, unamwambia nataka tani kadhaa kwa bei hii, na uzito ukipungua ukifika kiwandani utakatwa wewe. Linasikika kama agizo la kawaida la biashara. Lakini alizeti ikikaa inakauka, na ikikauka inapungua uzito, hiyo ni hali ya zao, karani hawezi kuizuia hata akilala juu ya magunia. Kwa hiyo ana njia mbili, alipe upungufu kutoka mfukoni kwake au aupeleke kwa mkulima. Ndo hapo mizani inaanza kusoma pungufu, ndo hapo lumbesa, lile gunia la kujazwa kupita kipimo, inarudi pamoja na Wakala wa Vipimo kuipiga vita miaka yote hii. Mkulima wa Kongwa anasema karani mwizi, bosi naye akisikia anashtuka, anamfukuza karani, anaajiri mwingine, anampa agizo lile lile. Mwaka unaofuata mizani imesoma pungufu tena, na bosi anajiuliza hivi vijana wa siku hizi wana nini. Dawa ilikuwa kupima unyevu pale pale kituoni, kukubali kiwango fulani cha upungufu kama gharama ya kampuni, na bei ipangwe kwa kuzingatia hilo. Yaani maadili hapa yalikuwa hesabu, tena hesabu ya darasani kabisa.

Na hili haliishii kwenye vituo vya mazao. Benki ya Wells Fargo ya Marekani ilikuwa na tageti kwamba kila mteja awe na huduma nane za benki, wakawa na kaulimbiu yake kabisa, na kila asubuhi wafanyakazi wa matawini wanaulizwa jana umeuza ngapi. Wateja hawakuwa na haja ya huduma nane, lakini tageti haikujali. Wafanyakazi wakaanza kufungua akaunti na kadi kwa majina ya wateja bila wateja kujua. Gazeti la Los Angeles Times liliandika habari hiyo 2013, na mambo yakalipuka Septemba 2016 benki ilipopigwa faini ya dola milioni 185, ikatajwa kwamba akaunti kama milioni 2 zinaweza kuwa zilifunguliwa hivyo, baadaye hesabu ikapanda mpaka milioni 3.5. Katika miaka kama mitano benki ilikuwa imewafukuza wafanyakazi wapatao 5,300. Hebu itafakari hiyo namba. Ukifukuza watu 10 kwa kosa moja unaweza kusema ni watu wabaya, ukifukuza 5,300 kwa kosa lile lile basi kosa linakaa kwenye tageti, na aliyeiweka tageti yuko ghorofa za juu. Mkurugenzi mkuu wake John Stumpf aliondoka Oktoba mwaka huo huo, lakini maelfu ya watu wa kaunta walishatangulia kuondoka kabla yake.

Mimi swali ninalolitumia kumpima kiongozi wa biashara limetoka hapo. Siulizi anasali wapi wala kama anakunywa. Nauliza habari mbaya inachukua muda gani kumfikia, na ikishamfikia, yule aliyeileta anabaki na kazi? Kila kampuni ina habari mbaya, mashine inataka kufa, keshia anakosea hesabu kila Ijumaa, mteja mkubwa ananung'unika. Tofauti iko kwenye mda. Kuna sehemu bosi anajua siku hiyo hiyo, kuna sehemu anajua akiwa wa mwisho, baada ya watu wa kodi wa TRA, baada ya mke wa mlinzi.

Kinachochelewesha habari tunakijua. Kuna chawa, wale wanaomsifia bosi asubuhi mpaka jioni na kumwambia anachotaka kusikia, na watu wanawalaumu chawa lakini chawa anaishi pale anapolishwa, bosi asipowapa safari na posho wanahama wenyewe. Kuna ile hulka yetu ya heshima, mdogo hamsahihishi mkubwa mbele za watu, ambayo ni hulka njema na sitaki tuitupe, ila inabidi kiongozi aijue na aitengenezee njia, awe na muda wa kukaa na mtu mmoja mmoja, pembeni, ambapo kijana wa stoo anaweza kusema mzee hapa naona tunakosea bila kuonekana kamvunjia mtu heshima. Halafu kuna funika kombe mwanaharamu apite, hii ndo mbaya zaidi, kwa sababu inavaa sura ya hekima. Meneja kagundua mwenzake anaweka cha juu kwenye manunuzi, wazee wa kampuni wanakaa, wanasema tusiichafue kampuni, tumsameheni, yaishe humu humu. Kusamehe ni kuzuri, kumsitiri mtu ni kuzuri, ila hela ilikuwa ya nani? Na yule kijana aliyegundua anajifunza nini akiona mhusika kapandishwa cheo mwaka unaofuata?

Kampuni ya nishati ya Enron kule Marekani ilikuwa na kijitabu cha maadili cha kurasa 64, na maneno makubwa yaliyotangazwa kama tunu zao yakiwemo heshima na uadilifu. Lakini bodi hiyo hiyo ilishamruhusu mkurugenzi wa fedha, Andrew Fastow, aendeshe ubia wake binafsi unaofanya biashara na kampuni, yaani akae pande zote mbili za meza, wakaweka pembeni kanuni yao wenyewe ya mgongano wa maslahi ili jambo lipite. Agosti 2001 mmoja wa wahasibu wake, Sherron Watkins, alimwandikia mwenyekiti Kenneth Lay kumuonya kwamba hesabu zinaweza kuilipua kampuni. Desemba 2 mwaka huo huo Enron ikafilisika, na maelfu ya wafanyakazi ambao akiba zao za uzeeni ziliwekwa kwenye hisa za kampuni wakabaki na makaratasi. Kijitabu kilikuwepo mda wote, kipengele kilikuwepo, na waliokiondoa hawakuvunja mlango, walipiga kura kikaoni.

Ndo maana suala la mgongano wa maslahi nalipa uzito kuliko semina zote za maadili, na kwetu lina sura ya undugu. Mtu anasoma sheria za wenzetu anaona kuajiri ndugu ni ufisadi, anakuja huku anashindwa kuelewa. Kijana wa dada yako amemaliza chuo yuko nyumbani kijijini Mvumi, una duka na magari mawili, ukimuacha akae utaambiwa una roho mbaya na kwa kweli utakuwa nayo. Mimi sioni ubaya wa kumwajiri. Ubaya unaanza pale akiharibu na wewe huwezi kumwambia, au pale anapokaa kwenye hela. Mwenye biashara mwenye hekima anamuweka ndugu sehemu ambayo kazi yake inapimika na anayempima ni mtu mwingine, na anatangaza wazi kwamba huyu ni mtoto wa dada yangu ili asiwepo mtu wa kunong'ona. Na kama anataka kununua mzigo kwa shemeji, alete bei za wengine wawili mezani, yeye atoke chumbani, wengine waamue. Kutoka tu kwenye kile chumba kunasaidia kuliko kiapo.

Kuna siku kanuni zote zinaisha na mtu anabaki na akili yake na dhamiri yake. Mwaka 1982 kule Chicago na maeneo jirani watu 7 walikufa baada ya kumeza kapsuli za Tylenol, dawa ya maumivu ya kampuni ya Johnson & Johnson, kuna mtu alikuwa amezitia sumu ya sayanaidi. Dalili zote zilionyesha sumu iliwekwa zikiwa tayari madukani, kwa hiyo kampuni ingeweza kusema sio sisi, na ingekuwa imesema kweli. Wao chini ya James Burke wakaondoa sokoni nchi nzima chupa kama milioni 31, mzigo wa zaidi ya dola milioni 100, wakawaambia watu msimeze, halafu wakarudi na chupa zenye mihuri ambayo ikifunguliwa inaonekana. Tangu 1943 walikuwa na waraka unaosema wajibu wa kwanza ni kwa wanaotumia bidhaa, wenye hisa wanakuja mwisho, lakini waraka haukuwaambia chupa ngapi wala lini, hilo walilipima wao chini ya presha ya siku chache. Ni mfano mzuri sana, ila nauleta pamoja na upande wake wa pili, kampuni hiyo hiyo baadaye imekuja kukabiliwa na maelfu ya kesi za watu wanaodai poda yake iliwasababishia saratani. Waliofanya vizuri 1982 hawakuwawekea akiba ya wema waliokuja baadae. Kila kizazi cha viongozi kinaanza na daftari jipya.

Sasa mwenye duka la Majengo au kiwanda kidogo cha kusindika mchuzi wa zabibu, ile juisi ya kutengenezea mvinyo, huku Hombolo ataniuliza, hayo ni ya makampuni makubwa, mimi mwenye watu 12 nifanye nini? Una nafuu kubwa kuliko wao, kwa sababu unawajua wote kwa majina. Anayepokea hela asiwe ndo anayeandika vitabu, hata kama ni mke wako, tena hasa kama ni mke wako, mlinde na maneno ya watu. Keshia aende likizo, sheria inampa angalau siku 28 za likizo ya mwaka, mpe zote mfululizo na mtu mwingine akae pale, maana mchezo mwingi wa hela unahitaji mhusika awepo kila siku kuufunika, ndo maana ukiona mtu hataki likizo miaka mitatu usikimbilie kumsifu uchapakazi, na kama ni msafi basi atakuwa amepumzika, hakuna aliyepoteza. Tageti yoyote unayoiweka, kaa na yule atakayeitekeleza umuulize swali moja, ukishindwa kufikisha hii kwa njia halali utafanyaje? Usikilize jibu, na ukiona kasita jua umepata habari yako mbaya ya kwanza bure kabisa.

Na wale walio kwenye SACCOS (vyama vya akiba na mikopo) na AMCOS (vyama vya ushirika wa mazao), mkutano mkuu ndo bodi ya bodi, taarifa ya mkaguzi isomwe kwa Kiswahili cha kueleweka, sio mtu asome harakaharaka watu wakisubiri chakula na nauli.

Limebaki la mtoa taarifa. Nchi ina Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015, ni vizuri ipo, lakini kwenye ofisi ya watu 12 hakuna siri, kila mtu atajua nani kasema. Kwa hiyo ulinzi wa kweli ni kile bosi anachofanya saa la kwanza. Akija kijana anakwambia mzee kuna dizeli inatoka usiku, usimuulize una ushahidi gani kwa sauti ya polisi, usimpigie mtuhumiwa simu kijana akiwa bado amekaa mbele yako, na usiseme huyo unayemsema nimetoka naye mbali. Mwambie asante, uliza ameona nini kwa macho yake na nini amesikia, andika, muahidi tarehe ya kumrudia. Halafu chunguza kwa haki pande zote mbili, maana na wa kusingiziwa yupo, majungu ya ofisini yameshawala watu wema wengi. Na tarehe ile ikifika mrudie kweli, hata kama umekuta hakuna kitu, mueleze ulichokagua na ulivyohitimisha, kwa sababu asiporudishiwa jibu hatakuja tena, na wenzake waliokuwa wanamuangalia hawatakuja kabisa.